Unacheza Gemu Gani Siku Hizi, na Ikoje? Namna ya Kujibu Bila Kuishia "Noma Sana"

Wakuu, kuna swali dogo ambalo wacheza gemu wengi linatushinda. Mtu anakuuliza siku hizi unacheza nini, unamtajia, anasema enhe, ikoje? Hapo ndo kichwa kinakuwa cheupe. Umekesha na hiyo gemu siku nne mfululizo, ramani yake unaiota, lakini kinachotoka mdomoni ni "aisee noma sana, we icheze tu utaona", habari imeishia hapo. Mwenzako hajajua kama ni ya kupigana au ya kulima, hajajua kama mtu mwenye nusu saa kwa siku anaiweza, hajui hata wewe mwenyewe umefika wapi.

Na mimi nilikuwa mtu wa noma sana kwa miaka mingi tu, hadi siku niliyoaibika kwa kusema kinyume chake. Elden Ring ilitoka Februari 2022, nikajitosa, masaa machache baadaye nikakutana na bosi, yaani adui mkubwa wa kukuziba njia, anaitwa Margit, pale njiani kuelekea ngome ya Stormveil, akanichapa, nikarudi, akanichapa, nikaacha hata kuhesabu. Nikawaandikia washkaji kwa hasira kwamba gemu mbovu hii, haina usawa, wametengeneza kukomoa watu. Jamaa mmoja akaniuliza kitu kimoja tu, "kusini umeshaenda?" Kusini gani tena? Kumbe kuna upande mzima wa ramani unaitwa Weeping Peninsula sijaukanyaga kabisa, na watu wengi huenda kujijenga huko kwanza ndo warudi kwa Margit wakiwa wamekomaa. Yaani niliyoyaandika yote yalikuwa habari zangu mimi na ubishi wangu mbele ya mlango mmoja, gemu yenyewe nilikuwa bado sijaiona. Ningesema tu niko saa ya ngapi, leveli ya ngapi, nimekwama wapi, wenzangu wangenielewa na ningesaidiwa siku ileile badala ya kuchekwa wiki nzima.

Kwa hiyo ukibeba kitu kimoja kwenye maelezo yote haya beba hiki: gemu ambayo bado unaicheza huwezi kuitolea hukumu, unachoweza kusema ni ulichokiona mpaka ulipofika, basi anza kwa kusema umefika wapi.

Taja ulipo kwanza

Masaa. Usiseme "nimeicheza sana", sema masaa 3, masaa 40, kwa sababu gemu moja inakuwa gemu tofauti kabisa kutegemea saa. Chukua Red Dead Redemption 2 ya 2018, mwanzo wake uko milimani kwenye theluji, farasi anazama, watu wamechoka, kila kitu kinaenda taratibu mno, sasa mtu wa saa ya pili akikwambia gemu inatembea kama kobe hajadanganya, na mtu wa saa ya 50 aliyeshuka chini kwenye nyika akikwambia amesahau kabisa misheni anavua samaki tu na kuangalia machweo naye hajadanganya. Ugomvi wao wote ungeisha kila mmoja angetaja saa yake. Stardew Valley vilevile, yule mwenye mbegu zake 15 za mwanzo anayelima kwa jembe mpaka nguvu zinamwishia saa tano asubuhi, na yule wa mwaka wa tatu mwenye vinyunyizio vinavyomwagilia shamba lote akiwa bado amelala, hao wawili hawazungumzii maisha yaleyale.

Kuna gemu masaa hayatoshi. Hades hesabu yake nzuri ni umejaribu kutoroka kuzimu mara ngapi, kwa sababu kila ukifa unarudishwa nyumbani na stori inasogea kwa huko kufa kwako, aliyekufa mara mbili hajakutana na nusu ya watu. Gemu za kifumbo useme umefungua sehemu ngapi. Tumia kipimo ambacho gemu yenyewe inakitumia.

Unachezea nini. Simu, kompyuta, konsoli, ya zamani au mpya. Watu wanadharau hili halafu wanabishana mpaka alfajiri. Gemu ikienda fremu 60 kwa sekunde kila picha inakaa kama milisekunde 16 na ushee, ikienda 30 inakaa 33, na hiyo tofauti vidole vinaisikia hata kama macho yanajifanya hayajali, hasa gemu za kukwepa na za mpira. Mfano ambao hauchuji ni Cyberpunk 2077, aliyeicheza Desemba 2020 kwenye PS4 na aliyeanza baada ya apdeti ya 2.0 ya Septemba 2023, ambayo ilibadilisha mfumo wa ujuzi na tabia ya polisi, hao ukiwaweka meza moja bila kutaja tarehe watadhani mwenzake ni mwongo. Kama gemu yako inapata apdeti mara kwa mara taja na toleo, ile namba ndogo iliyojificha kwenye kona ya skrini ya mwanzo.

Ugumu uliochagua, na hapa tuache aibu. Celeste ina mpangilio wa msaada unaokuruhusu kupunguza mwendo wa gemu au hata kutokufa kabisa, na waliouweka ni waundaji wenyewe, kwa hiyo sema tu "nacheza nimepunguza mwendo" maana mwenzako akisikia unasema ni rahisi bila kujua hilo ataenda kuumia bure.

Na la mwisho, wewe ni nani kwenye aina hiyo ya gemu. Watu wageni huwa wanaanza kwa kujitetea eti "mimi si mtaalamu wa hizi", wakati jicho la mgeni ndo ninalolitafuta mimi. Mzoefu haoni tena kwamba menyu imejaa vitufe 14, ameshazoea kutangatanga. Mgeni anaona.

Yote hayo ukiyabana yanaingia kwenye sentensi moja: "Stardew Valley, kwenye simu, masaa 9, niko majira ya joto mwaka wa kwanza, sijawahi kucheza gemu ya kulima maishani." Soma tena uone ulivyoshajua mengi kabla sijasema kama ni nzuri au mbaya.

Kamata kabla haijapoa

Tatizo la pili ni kumbukumbu. Ukimaliza masaa matatu ya kucheza unabaki na hisia tu, zile sababu zimeyeyuka. Sikwambii ubebe daftari kama karani, gemu ni raha bwana. Ninachofanya mimi, nikishasevu kabla sijazima najirekodi voisi ya nusu dakika kwenye simu nikijibu swali moja tu: leo ni wapi nimeongea peke yangu? Maana kila mchezaji kuna mahali anaropoka, "ah wapi wewe!", "hee!", "nilijua tu!", anacheka peke yake kama amechanganyikiwa au anaitukana pedi ya kuchezea ambayo haina kosa, na hapo ulipofungua mdomo ndo penye habari. Sehemu uliyopita kimya masaa mawili huna cha kusimulia, na huko kukaa kimya masaa mawili nako ni habari pia, iandike.

Halafu jirekodi kabla hujasoma wala kuangalia rivyuu ya mtu. Nasisitiza hili kwa sababu limeshanikuta, unaangalia video ya jamaa mwenye sauti nzito anasema mfumo wa mapigano umepwaya, kesho yake na wewe unaenda kucheza unaona umepwaya, na ukiambiwa uonyeshe umepwaya wapi huna pa kuonyesha. Maneno ya kuazima hayo. Toa yako kwanza, ya watu utayasoma baadaye na utayafaidi zaidi kwa sababu utakuwa na la kubishana nayo.

Picha na klipu zisaidie kumbukumbu. Kwenye Nintendo Switch ukishikilia kile kitufe cha mraba inakuhifadhia sekunde 30 zilizopita kwa gemu nyingi, kwenye PS5 kuna kitufe cha Create, kwenye Steam, lile duka la gemu za kompyuta, ni F12. Klipu ya kumtumia mtu iwe fupi, sekunde 15 zinatosha. Ukinitumia dakika 11 ukaniandikia "angalia mpaka mwisho" siangalii, nakwambia ukweli.

Nipe tukio moja

Sasa hapa ndo moyo wa mambo. Wengi wakiamua kueleza vizuri wanageuka orodha: grafiki 9, sauti 8, stori 7, uchezaji 8. Mwalimu anasahihisha madaftari. Orodha ya namna hiyo ukiifunika jina la gemu unaweza kuibandika kwenye gemu yoyote na isijulikane, na hiyo ni dalili kwamba haijasema kitu. Kinachofanya kazi ni kuchukua tukio moja lililokupata wewe na kulisimulia kwa mikono yako, ulikuwa unataka nini, ukafanya nini, gemu ikakujibu nini.

Nikupe mfano. Hollow Knight, ya 2017, naweza kukwambia "mfumo wake wa ramani ni wa kipekee na unaleta hisia ya upweke." Umeelewa nini? Hakuna. Sasa sikiliza hivi: unaingia eneo jipya huna ramani kabisa, giza, unapotea, afya imebaki tone moja, kila mlango unaonekana kama ule uliopita, mara unaona karatasi zimetapakaa chini, halafu unasikia mtu anaimbaimba kwa mbali kama anafanya kazi zake, unaufuata ule wimbo, unamkuta mchora ramani amekaa zake, unainunua kwake. Na hata hapo ramani yenyewe haijakamilika, mpaka uwe na kalamu na ukae kwenye benchi ndo inachorwa ulikopita. Mimi kila nikisikia ule wimbo mabega yanashuka yenyewe. Sijatumia neno upweke hata mara moja lakini umelipata, na umejua pia kama wewe ni mtu wa kufurahia hilo au wa kurusha pedi ukutani.

Mwingine, Disco Elysium. Unaamka na uchovu wa pombe chumbani, tai yako iko kwenye feni ya dari inazunguka. Nikasema acha nichukue tai yangu. Kama mhusika uliyejitengenezea ana mwili dhaifu, moyo unaweza kusimama, umekufa, dakika ya pili ya gemu, umeuawa na tai. Sihitaji kukueleza aina ya ucheshi wa gemu hiyo wala kwamba maamuzi ya mwanzo yana uzito, tai imeshaeleza.

Kwa gemu zisizo na stori, kama Tetris ya Alexey Pajitnov ambayo imekuwepo tangu katikati ya miaka ya 1980, au za mpira, au za kupanga karata kama Balatro, watu husema hakuna cha kusimulia. Kipo. Simulia mwili. Saa ngapi ulisema "moja ya mwisho" na saa ngapi ulilala kweli? Kidole kipi kinauma? Mimi Balatro nilijua imenishika siku niliyokuwa nasubiri mtu anipigie simu, simu ikaita, nikakasirika.

Na Sekiro nisiiache maana ni somo zuri la mikono. Watu wakisema "ngumu" wananipoteza, lakini yupo mmoja aliniambia "ukizoea kukwepa kwenye gemu nyingine utakufa, hapa unasimama palepale unapiga upanga wake kwa upanga wako kwa wakati sahihi, kling kling kling, ni kama kupiga ngoma na adui ndo anayekupa mapigo." Nilielewa kuliko rivyuu zote nilizosoma. Kusema kweli niliicheza kwa sababu ya hiyo kling.

Maneno ya kuyabana mpaka yaseme ukweli

Noma, kali, moto, bonge la gemu, inaboa, ya kawaida. Siyakatazi, mimi mwenyewe nayatumia kila siku, ila kila ukiyaandika jiulize mara moja zaidi "kwa lipi?" na uandike hilo jibu badala yake, au baada yake.

"Ngumu" ndo inaongoza kwa uvivu. Kuna ngumu ya mikono, yaani unajua cha kufanya vidole havifiki. Kuna ngumu ya akili, umekaa unaangalia fumbo dakika 40. Kuna ngumu ya subira, ukifa unarudishwa mbali unatembea upya dakika tatu kila mara, na hiyo watu wengi wanaichukia zaidi ya bosi mwenyewe. Halafu kuna ngumu ya gemu isiyojieleza, ambayo ugumu wote ni kwamba hujaambiwa kitufe fulani kipo. Mtu anaweza kupenda ya kwanza na asivumilie ya tatu hata siku moja, sasa ukisema ngumu tu umemwachia akisie.

"Grafiki kali" nayo, kali namna gani? Return of the Obra Dinn ya 2018 imechorwa kwa nukta za rangi mbili tu kama kompyuta ya kizamani, na kuna picha ndani yake zilinifanya nisimame kabisa. Wakati nimeshaona gemu yenye majani yanayohesabika moja moja na sikumbuki hata sura ya mhusika mkuu.

Na hii ya "ni kama Dark Souls", ile gemu inayosifika kwa ugumu. Jamani. Siku hizi gemu ikiwa na bosi anayekuua mara mbili tayari ni kama Dark Souls. Kulinganisha ni kuzuri, kunaokoa maneno, ila sema kwa kipengele: "ni kama Dark Souls kwa jinsi ukifa unaacha mali zako palepale unarudi kuzichukua, ila mapigano yake ni mepesi." Hapo umenisaidia.

Usimkate mtu stimu

Tunafika penye ugomvi. Spoila. Watu wanadhani spoila ni kusema nani anakufa mwishoni, basi, kwa hiyo wanajiona wako salama wakisema "sikwambii, ila jiandae, kuna kitu kitakuliza karibu na mwisho." Umeshaniambia! Sasa nitacheza masaa 30 namwangalia kila mhusika kama maiti inayotembea. Kumwambia mtu kwamba kuna jambo la kushtua ni kumnyang'anya ule mshtuko, maana anakaa akilisubiri.

Na si stori tu. Kuna gemu ambazo ujuzi ndo kila kitu. Outer Wilds ya 2019 hupati silaha mpya wala leveli, kinachoongezeka ni yale unayoyajua, basi, kwa hiyo sentensi moja ya mtu mkarimu inaweza kukuibia jioni nzima ya kugundua. Ndo maana waliomaliza gemu hiyo huwa wanatabasamu tu wanasema "icheze", na kwa hiyo gemu moja nawasamehe. Ukubwa wa ramani nao unaweza kuwa spoila, silaha ya baadaye inaweza kuwa spoila, hata jina la sura lililotokea kwenye kona ya skrinshoti yako. Angalia kona za picha kabla hujatuma, majina ya misheni hukaa hapo.

Halafu hii hoja ya "gemu ni ya zamani, kila mtu anajua" mimi siikubali. Final Fantasy VII ni ya 1997 na ina tukio moja maarufu sana, nusu ya dunia inalijua. Lakini toleo lake jipya lilianza kutoka 2020 na sehemu ya pili ikatoka 2024, kuna watu walikuwa hawajazaliwa 1997 wanaingia sasa hivi na macho yao mapya. Umri wa gemu si umri wa mchezaji.

Namna ya kufanya ni rahisi tu, uliza kwanza: "umefika wapi?" Ongea mpaka alipofika yeye, usivuke. Kama hajaanza kabisa, kaa kwenye saa moja au mbili za mwanzo, tena hizo ndo anazozihitaji zaidi, maana Steam kwa mfano kwa kawaida wanakuruhusu kurudisha gemu ndani ya siku 14 kama hujaicheza kufika masaa 2, kwa hiyo mtu anataka kujua zile dakika 120 zina nini na kama zinafanana na zinazofuata. Ukiwa mnaongea wengi funika: kwenye Discord, ile app ya kuchati, unaweka mistari miwili ya wima mwanzoni na miwili mwishoni, maneno yanafichika mpaka mtu abonyeze. Ila kabla ya kufunika andika wazi kilichofunikwa ni cha gemu ipi na sehemu ipi. Nimeshaona mtu kaweka kisanduku cheusi bila maelezo, kila mtu akabonyeza kwa umbea, wote tukaumia pamoja.

Ukiwa na hasira

Malalamiko yana nafasi yake, na ripoti isiyo na lawama hata moja inanipa wasiwasi kidogo. Lakini yatenganishe. "Gemu ina kasoro" ni kitu kimoja, "sijaielewa" ni kingine, "si ya mtu kama mimi" ni cha tatu, "mashine yangu imezidiwa" ni cha nne, na yote manne mtu akiwa amekasirika yanatoka kwa jina moja: takataka. Mimi kwa Margit nilikuwa na la pili, nikaliita la kwanza.

Kipimo changu ni kwamba nikitaka kuandika kitu kibaya nasubiri kipindi kimoja cha kucheza kipite, yaani nilale, nicheze tena nusu saa, kama bado naona hivyo naandika. Kama ni hitilafu, mathalani umeanguka chini ya sakafu au sevu imepotea, andika ulikuwa unafanya nini sekunde chache kabla, toleo gani, mashine gani, na kama imejirudia. Niliwahi kulalamika wiki nzima kwamba gemu fulani mhusika anajitembeza mwenyewe kushoto, nikaitangaza kuwa imeharibika, kumbe kijiti cha pedi yangu ndo kimechakaa. Niliondoa ule ujumbe kimyakimya.

Na tuache neno "wavivu". Stardew Valley aliitengeneza mtu mmoja, Eric Barone, kama miaka minne na nusu, michoro yeye, muziki yeye, maneno yeye. Sisemi basi usilalamikie uvuaji samaki wake, ule upau wa kijani mwanzoni ni mateso kabisa, samaki anaruka juu chini utadhani ana deni na wewe. Lalamikia upau. Eleza unavyokushinda.

Kama unacheza na watu mtandaoni, andika ripoti siku uliyoshinda na siku uliyoshindwa, zote mbili. Zinatofautiana sana, utacheka.

Rudi kusahihisha, na kuacha njiani si kosa

Ukisema kitu saa ya 3 na saa ya 20 umebadili mawazo, rudi useme. "Nilisema inaboa, nilikuwa sijafungua sehemu kubwa ya gemu, naomba radhi," kuna watu walikuwa wameiacha kwa sababu yako. Kinyume chake pia kipo, gemu inaanza kwa kishindo, saa ya 25 unagundua unafanya vilevile tu kwa rangi nyingine. Hapo watu huona aibu kugeuka kwa sababu walishaisifia mbele za watu. Geuka tu.

Na ukiiacha, sema umeiachia wapi na kwa nini, hiyo nayo ni ripoti kamili. "Nimeacha saa ya 12, mapigano safi ila mazungumzo marefu mno, kila nikikaa nasoma dakika 20." Kuna mtu atasoma hapo aseme kumbe! mazungumzo marefu ndo ugonjwa wangu. Kulalamika kwako kumempatia gemu.

Upande wa pili, ukiwa wewe ndo unayesikiliza. Mwenzako anakusimulia kwa furaha jinsi alivyohangaika na bosi masaa mawili na wewe unajua kuna kitu kinammaliza kwa dakika moja. Nyamaza. Muulize "sasa unafikiria kufanya nini?" Akisema nisaidie, msaidie, tena kwa kidokezo kidogo kwanza kama yule jamaa wa "kusini umeshaenda?", hakunipa silaha wala mbinu, alinionyesha upande tu, mengine nikayapata mwenyewe. Asiposema nisaidie hajaomba msaada, anataka mtu wa kushangaa naye.

Haya, na mimi nisiwe mganga asiyejiganga. Return of the Obra Dinn, kompyuta, masaa 6, mara ya kwanza, gemu za upelelezi nimecheza mbili tatu tu na zote zilinishinda. Niko kwenye meli iliyorudi bandarini 1807 bila mtu hata mmoja, nina saa ya mfukoni inayonirudisha kwenye dakika ya kila kifo, na kitabu cha kujaza watu 60, nani na alikufaje. Gemu inathibitisha majibu matatu matatu tu, kwa hiyo nikibahatisha mmoja sijui, mpaka nipate watatu sahihi kwa pamoja ndo inaniambia, na ule muziki ukilia nasimama kabisa kwenye kiti. Nimethibitisha 18. Jana nilikaa dakika 50 nawaangalia mabaharia wanne waliosimama pamoja, nasikiliza wanavyoongea, naangalia viatu. Viatu! Mmoja nadhani nimeshamjua. Mwenye kujua na anyamaze.